Nani Aliyekufa Kiroho katika Rosa Mistika?

Makala haya yametokana na ubishi. Ubishi wenyewe ulizuka katika semina yetu ya riwaya, muhula uliopita, pale mwenzetu mmoja aliposimama kusoma kazi yake kuhusu Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971). Alihitimisha kwamba dhamira kuu ya riwaya ile ni kifo cha kiroho cha msichana aliyemwacha Mungu wake mara tu alipofika chuoni. Darasa likapiga makofi. Mwalimu akaandika ubaoni maneno yale, kifo cha kiroho, akaweka alama ya kuuliza mbele yake, halafu muda ukaisha. (Muda wa semina zetu huisha siku zote pale utamu unapoanza.) Mimi sikupiga makofi, lakini wala sikuwa na la kujibu. Nilibaki na donge tu, na sasa naliweka mbele yenu.

Ninachotaka kusema ni hiki: sisi wanafunzi wa fasihi tumeuchukua msemo wa kufa kiroho kutoka mimbarini, tukauingiza katika uhakiki bila kuukagua mzigo wake. Ukikaguliwa, yaani ukirudishwa kwenye Maandiko na kwenye mafundisho ya Kanisa lililomlea mwandishi, haumwangukii Rosa kwanza. Unaanzia nyumbani kwa baba yake. Na ukishamgusa baba, hauishii hapo.

Kabla sijaingia kitabuni niseme kwa nini jambo hili linanihusu, maana mhakiki asiyesema amesimama wapi huwa anamficha msomaji kitu. Nimekulia Nkuhungu, pembeni mwa mji wa Dodoma. Kwetu makanisa yamejipanga karibu karibu kama vibanda vya chipsi, na Jumapili asubuhi vipaza sauti vinagombana hewani mpaka hujui neno gani limetoka kwa mchungaji gani. Mtoto wa Nkuhungu anaufahamu msamiati wa wokovu kabla ya kujua meza ya kuzidisha: kuokoka, kupoa, kurudi nyuma, kufa kiroho. Nilipokuwa kidato cha tatu, dada mmoja wa nyumba ya nne kutoka kwetu, aliyekuwa anasoma ualimu, alirudi likizo akiwa na mimba. Jumapili iliyofuata lilisomwa tangazo kwamba ametengwa, na msomaji akaongeza kwa sauti ya huruma kwamba ndugu yetu huyu amekufa kiroho, tumwombee. Kijana aliyehusika tulimjua wote. Jumapili hiyohiyo alikuwa anapiga kinanda.

Jioni yake, tukiwa tumekaa na ugali wetu wa uwele na mlenda, nikasema kwa kujiamini kabisa, kama mtu anayetoa taarifa ya hali ya hewa, "Yule dada keshakufa kiroho." Mama akaacha kumega.

"Umemzika lini wewe?"

Sikujibu. Wala sikuelewa. Nilidhani mama hajui dini vizuri.

Sasa tuingie kwenye hoja. Msemo huu una asili, na asili yake ni tatizo la usomaji wa matini, kwa hiyo ni mali yetu wanafasihi kama ulivyo mali ya wanatheolojia. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya pili, Adamu anaonywa kwamba siku atakapokula tunda la mti uliokatazwa atakufa hakika. Anakula. Hafi. Sura ya tano inamhesabia miaka 930 hapa duniani, akizaa na kulima. Je, msimulizi amejisahau? Mtakatifu Agostino wa Hippo, Mwafrika wa kaskazini aliyefariki mwaka 430, alilikabili swali hili katika kitabu cha 13 cha Mji wa Mungu. Alijibu kwamba viko vifo zaidi ya kimoja: mwili hufa pale roho inapouacha, na roho hufa pale Mungu anapoiacha. Adamu basi alikufa siku ileile, isipokuwa mazishi yalichelewa.

Jibu ni zuri. Lakini mwanafasihi hatosheki na tamko, huangalia tendo. Hebu tujiulize: siku ile, baada ya kula, Adamu alifanya nini? Alijificha katikati ya miti. Alipoitwa akasema aliogopa. Alipoulizwa amekula nini, akamsukumia lawama mkewe, na mkewe akamsukumia nyoka. Hizo ndizo dalili za kwanza za marehemu wa kiroho kwa mujibu wa matini yenyewe: hofu, maficho, na kushtakiana. Sioni humo ulevi wala uasherati. Hayo yatakuja baadaye, kama matawi.

Tazama pia neno hili linatoka kinywani mwa nani katika Agano Jipya, na kwa wakati gani. Katika Luka 15, mwana mpotevu anaondoka, anatapanya mali, analisha nguruwe. Muda wote huo hakuna anayemwita mfu. Anayesema kwamba mwana huyu alikuwa amekufa ni baba yake, na anasema hivyo akiwa ameshamkumbatia na ndama ameshachinjwa. Ni neno la karamu. Kwa mtume Paulo, katika barua kwa Waefeso sura ya pili, ni neno la wakati uliopita: mlikuwa wafu, na sasa mmehuishwa. Katika Ufunuo sura ya tatu ni la wakati uliopo, na ni kali hasa, lakini haambiwi msichana mjamzito. Linaambiwa kanisa zima la Sardi, lenye sifa ya kuwa hai nalo limekufa. Sijawahi kusikia tangazo hilo likisomwa Nkuhungu.

Nisiwe mjanja lakini. Upo mstari unaonipinga waziwazi. Katika waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya tano, Paulo anaandika kuhusu wajane, na anasema kwamba yule anayeishi kwa anasa amekufa ingawa anaishi. Hapo ni mwanamke, ni mmoja, ni wakati uliopo. Anayetaka kumtangaza dada wa watu ana pa kushika. Mstari huu umenisumbua na bado unanisumbua. Ninachoweza kusema ni kwamba sura hiyohiyo inahimiza sana kaya na kanisa kuwatunza wajane, na inamwona asiyewatunza watu wa nyumbani mwake kuwa mbaya kuliko asiyeamini. Yaani lawama ya wa nyumbani inakaa mistari miwili tu chini ya ile ya mjane. Tumezoea kusoma mmoja na kuruka mwingine.

Kezilahabi alizijua sura hizi kuliko mimi. Alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, kisiwani Ukerewe, akasoma Seminari ya Nyegezi kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alipofariki Januari 2020 wengi walimkumbuka kama baba wa ushairi huru na mwandishi wa udhanaishi, na ni kweli, lakini tunasahau kwamba kabla ya kuwasoma wanafalsafa wa Ulaya alilelewa na katekisimu. Riwaya yake ya kwanza ameiweka Namagondo, kijijini kwake mwenyewe. Na jina lake amelitoa kwenye Litania ya Loreto, ambamo Waridi la Fumbo ni mojawapo ya majina ya Bikira Maria. Msichana atakayekuja kukataliwa na mchumba kwa sababu si bikira amepewa jina la Bikira. Huwezi kuniambia hiyo ni bahati mbaya.

Basi twende Namagondo. Zakaria ni mlevi, anampiga mkewe Regina, na nyumba nzima huyumba pamoja naye. Rosa ni binti wa kwanza. Kijana Charles anamwandikia barua, barua inagunduliwa, Zakaria anampiga Rosa kipigo cha kikatili. Kwangu hiki ndicho kitovu cha riwaya yote, ingawa wahakiki wengi hukipita haraka kama sehemu ya kutambulisha wahusika, wakiwahi Morogoro ambako ndiko kwenye "maudhui". Tafadhali tusiwahi. Barua ile ni ya kitoto. Haina dhambi ya mauti ndani yake. Lakini baada ya kipigo Rosa amejifunza mambo mawili yasiyofutika: kwamba mwanamume ni hatari, na kwamba lililo moyoni ni la kufichwa. Huyo ni Adamu nyuma ya miti, ila safari hii aliyemsukuma huko ni baba.

Hapa niwaambieni kuhusu nakala yangu ya kitabu. Siyo yangu. Ni ya yule dada. Leo ana genge la mboga karibu na kituo cha daladala, mtoto wake ameshaanza shule, na pale kanisani hakurudi tena. Aliposikia nimechaguliwa kusoma fasihi aliniita.

"Mdogo wangu, na hiki mnasoma?"

"Tunasoma, dada."

"Haya, chukua. Mimi nimeshakimaliza."

Kitabu kimechakaa, jalada limeshikwa na gundi ya karatasi. Nilifungua kurasa za chuoni kwanza, nikitafuta (nakiri) mistari aliyoiwekea alama kuhusu wanaume na mimba. Hakuna kitu. Kurasa safi. Alama ya penseli ipo moja tu katika kitabu kizima, kwenye kipigo cha Zakaria. Pembeni ameandika neno moja: "Hapa." Semina yetu nzima, na maprofesa tuliowanukuu, hatukuwa tumeona alichokiona mtu tuliyemwita mfu.

Kutoka nyumbani Rosa anakwenda shule ya wasichana ya masista. Pale analindwa, na kulindwa kule kunafanya kazi ileile ya kipigo kwa njia ya upole: ukuta badala ya fimbo. Anakuwa msichana mwema asiyejua wema wake umejengwa juu ya nini. Halafu anakwenda chuo cha ualimu Morogoro, na hapo ukuta haupo. Anakwenda na wanaume wengi, anatoa mimba, anapata jina. Wenzangu huita sehemu hii anguko. Mimi nasema hakuna mahali pa juu alipoangukia. Wema wake ulikuwa woga, na woga ukiondolewa mlinzi hubaki uwazi. Kezilahabi anaonesha jambo hilo kwa mpangilio wa matukio tu, bila kulihubiri, na hiyo ndiyo nguvu ya fani yake hapa. Mahali pengine anahubiri mno, tena anamkatiza mhusika ili aseme yeye, lakini hapa katulia.

Tuipime hali ya Rosa kwa mizani ya Kanisa lake. Kwa Mkatoliki kifo cha kiroho kina jina la kisheria: dhambi ya mauti. Mafundisho yanasema dhambi hiyo huangamiza mapendo ndani ya moyo, na ili iwe ya mauti yatakiwa mambo matatu yakutane: jambo lenyewe liwe zito, mtu ajue kabisa, na aridhie kwa hiari. Sharti la kwanza, sawa. Kutoa mimba ni jambo zito, sitalibishia. La pili labda. La tatu ndipo penye kazi. Hiari ya mtu aliyefundishwa tangu utotoni kwamba moyo wake ni kosa ni hiari ya kiasi gani? Na ikiwa kipimo cha kifo hiki ni kuangamia kwa mapendo, basi tuanze kuhesabu maiti pale mapendo yalipoangamia mapema zaidi. Zakaria hapendi mke, hapendi binti. Anapenda pombe, na hata hiyo nina shaka. Anakwenda, anakula, anafoka. Ni hai kwa sifa, kama Sardi.

Halafu Charles anarudi katika maisha ya Rosa, safari hii kama mchumba. Rosa amebadilika, anataka kutulia. Lakini ameficha yaliyopita. Kwa nini asifiche? Kila alipowahi kufunuliwa alipigwa. Charles anagundua, anamwacha, na Rosa anajiua. Angalia jinsi duara linavyofungwa: barua ya Charles ndiyo iliyoleta kipigo cha kwanza, na Charles huyohuyo ndiye anayeleta cha mwisho. Katikati hakuna hata mtu mmoja ambaye Rosa angeweza kumwambia ukweli akabaki salama. Mama anampenda, lakini mama naye anapigwa.

Wazee wa kwetu huku Dodoma watanielewa zaidi nikisema hivi. Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea Afrika Mashariki ulikuja na desturi ya kuungama hadharani, kutembea nuruni kama walivyosema wenyewe. Lengo lilikuwa kuvunja maficho: mtu aseme alichofanya, wenzake wamshangilie, mzigo utuliwe. Kwa tafsiri ninayoitetea hapa, ile ilikuwa dawa sahihi ya ugonjwa sahihi. Lakini ungamo likiacha kutolewa na mwenyewe, likaanza kusomwa na mwingine kwenye tangazo, dawa inageuka. Mtu hatolewi kwenye miti. Anaoneshwa alipojificha ili arushiwe mawe.

Sasa suala la kujiua, maana hapo ndipo mwenzetu wa semina aliposema ushahidi umekamilika. Aliyejiua, alisema, amekufa mara mbili. Tuangalie tarehe. Riwaya imetoka 1971. Wakati huo sheria ya Kanisa Katoliki iliyokuwa ikitumika ilikuwa ile ya mwaka 1917, na kwa sheria hiyo aliyejiua kwa makusudi, asipoonesha dalili ya toba, alinyimwa mazishi ya Kanisa. Kijijini Namagondo kesi ya Rosa ingekuwa imefungwa kabla ya kaburi kuchimbwa. Kezilahabi anafanya nini? Anaifungua upya. Anaipeleka rufaa. Hadithi haikomi kwenye kifo. Rosa na baba yake Zakaria wanasimama mbele ya Mungu na kushtakiana. Mtu aliyenyimwa hotuba ya padri anapewa nafasi ya kujieleza mwenyewe, mbele ya hakimu mkuu kuliko wote, na mshtakiwa mwenzake ni baba. Kanisa lenyewe lilichukua muda kufika karibu na hapo: sheria mpya ya mwaka 1983 haikuwataja tena waliojiua katika orodha ya wanaonyimwa mazishi, na katekisimu ya mwaka 1992 inasema hofu kubwa na misukosuko ya nafsi huweza kupunguza wajibu wa mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wa waliojiua. Sisemi Roma walisoma Rosa Mistika. Nasema riwaya iliyopigwa marufuku mashuleni kwa madai ya kuharibu maadili ilitangulia kuuliza swali ambalo wenye maadili walikuja kulijibu kwa namna yake.

Lakini hapa ndipo ninapolazimika kujirekebisha, maana nilipoanza kuandika nilitaka tu kumtoa Rosa na kumwingiza Zakaria, kama mtu anayebadilisha maiti kwenye jeneza. Mahakama ile inanikatalia. Wanashtakiana. Baba anasema ni binti, binti anasema ni baba. Tumeshaliona hilo mahali: ni bustani ya Edeni, ni mwanamume na mwanamke wakisukumiana tunda. Mseminari wa Nyegezi hakuweza kuandika onesho lile bila kuisikia sura ya tatu ya Mwanzo sikioni. Kwa hiyo hata baada ya kufa mwili, kifo kile kingine bado kinaendelea baina yao, na Rosa yumo ndani yake pia. Si msafi kama nilivyotaka awe. Tofauti yangu na mwenzangu wa semina basi ni hii: yeye anakiona kifo cha kiroho kama kitu alichonacho mtu mmoja, kama ugonjwa wa ngozi, unaweza kumwonesha kidole. Mimi nakiona kama kitu kinachotokea kati ya watu, pale neno la kweli lisipoweza kupita tena kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Ndiyo maana huwezi kumtangaza mtu kuwa mfu wa kiroho wewe ukabaki nje. Kutangaza kwenyewe ni sehemu ya kufa huko.

Riwaya ya pili, Kichwamaji (1974), naigusa kidogo tu kwa sababu inathibitisha jambo hili kutoka upande wa pili. Kazimoto ni msomi wa chuo kikuu, hana Zakaria wa kumchapa, anasema kila anachofikiri, na Mungu anamtilia shaka waziwazi. Hana maficho basi? Anayo: kichwa chake. Manase amempa mimba dada yake Rukia, Rukia amekufa, mama naye amefuata. Kazimoto anabaki na kisasi na mawazo. Anamwoa Sabina, dada wa Manase, mtoto anazaliwa na kichwa kikubwa, na Kazimoto naye anajiua. Mdenmark Søren Kierkegaard aliandika mwaka 1849 kwamba kukata tamaa ndio ugonjwa wa mauti, na kwamba wengi walio nao hawajui kuwa wanao. Kazimoto anajua, na kujua hakumsaidii kitu. Tunaosoma vyuoni tukidhani elimu ni chanjo, tunaweza kuisoma tena. Kuhusu Nagona (1990) na Mzingile (1991) sitasema. Nikiingia humo sitatoka.

Najua nitakachojibiwa. Kwanza, kwamba ninaleta dini kwenye uhakiki. Nilikuta imeshaletwa, mimi nimeikagua tu. Pili, na hili ni zito zaidi, kwamba mwandishi mwenyewe anamuadhibu Rosa: ni yeye aliyeamua mimba zitoke, uchumba uvunjike, na binti afe. Katika fasihi yetu ya miaka ile mwanamke akipotoka hana muda mrefu wa kuishi. Kurasa zikibaki thelathini unajua anakufa. Kezilahabi hakuukwepa mtindo huo, na hapa simtetei. Wanafunzi wa kike wa semina yetu walilisema hili vizuri kuliko mimi, na mmoja wao aliuliza kwa nini isiandikwe riwaya ambamo Rosa anaacha Charles aende zake, anapata shule ya kufundisha, na anazeeka. Sikuwa na jibu. Jibu linauza mboga karibu na kituo cha daladala, lakini hilo si jibu la kifani.

Na lipo moja linalobaki ambalo nimeshindwa. Katika mahakama ile ya mbinguni wanaoshtakiana ni binti na baba. Charles hapandishwi kizimbani pamoja nao. Aliandika barua, akaja kuposa, akakagua, akaondoka, na hadithi ikamwacha aende. Je, ni kwa sababu yu hai, na mahakama ile ni ya waliokufa tu? Au mwandishi hakumwona? Nikimfikiria Charles namwona amekaa kwenye kinanda. Anayeweza kulijibu swali hili kwa kutumia matini yenyewe, na siyo kwa kunihubiria, aandike katika toleo lijalo. Nakala ya kitabu nitamwazima, kwa sharti kwamba asifute ile alama ya penseli.